Blasti ya ulezi: grisea, oryzae, Magnaporthe... ni fangasi mmoja au wanne?

Mwana_Ufipa

Wakuu habari za jioni, naomba msaada wa wataalamu wa magonjwa ya mimea maana nimesoma mpaka kichwa kinauma.

Mama yangu analima ulezi huku juu Ufipa, ekari mbili na nusu hivi, na msimu huu umeharibika vibaya sana. Ilianza miche ikiwa midogo, vidoa kwenye majani vyenye umbo kama jicho, katikati kijivu pembeni kahawia, tukasema mvua zikipungua itakata yenyewe, haikukata. Ulezi ulipotoa masuke ndo tukaona balaa, shingo ya suke inakuwa nyeusi, na ukishika suke lenyewe unakuta kidole kimoja kimejaa punje safi na vingine vinne vimekauka, ukivifikicha kwenye kiganja yanatoka makapi matupu unapuliza yanaondoka yote. Mama anaviangalia hivyo vidole ananyamaza tu. Ulezi ule ndo ada ya mdogo wangu.

Sasa nilipeleka masuke kwenye maabara moja, wakaniandikia kwenye karatasi Pyricularia oryzae. Bibi shamba wetu wa kata ana kijitabu cha zamani kidogo, chenyewe kimeandika blasti ya ulezi inaletwa na Pyricularia grisea. Nikagugo, nikakuta kuna Magnaporthe grisea na tena kuna Magnaporthe oryzae, picha ni zilezile, vidoa ni vilevile, majina manne. Niliporudi pale maabara kuuliza nikajibiwa "ni yale yale tu, usijali majina".

Lakini mimi najali, na sababu ni hii. Wameniambia oryzae maana yake ni "ya mpunga". Kaka yangu analima mpunga kule chini bonde la Rukwa, na kila mwaka mama akishavuna anamshushia mabua ya ulezi kwa ajili ya ng'ombe. Kama fangasi wa ulezi na wa mpunga ni yule yule, si ina maana tunampelekea kaka ugonjwa kwa mikono yetu wenyewe? Au jina ni jina tu? Naomba anayejua aelezee taratibu, mimi sikusomea kilimo.

---

BibiShamba_Kyela

Pole sana kaka, na mpe mama pole yangu. Mimi nipo kwenye mpunga zaidi ya ulezi lakini hivyo ulivyoeleza (jicho kwenye jani, shingo nyeusi, vidole vitupu) ni blasti tupu hakuna kingine.

Kwa haraka: mabua yale usiyalaze pembeni ya shamba la ulezi la msimu ujao, na mbegu msichukue kwenye shamba hilo hata kama kuna masuke yanaonekana mazuri, ugonjwa huu unakaa kwenye mbegu na unakaa kwenye mabaki. Kuhusu kuhamia kwenye mpunga, huku kwetu sijawahi kuona mpunga umeshika blasti kwa sababu tu ya jirani mwenye ulezi, lakini kwanini iko hivyo wakati jina ni moja hilo niwaachie waliosoma fangasi wenyewe, na mimi nasubiri jibu hapahapa.

---

Hadubini

Mwana_Ufipa swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Aliyekuambia usijali majina amekunyima kitu, maana historia ya haya majina manne ndo jibu la swali la kaka yako. Nitaandika ndefu kidogo, tuvumiliane.

Anza na Mwitaliano mmoja, Saccardo, mwaka 1880. Yeye ndo aliunda jenasi (yaani kundi la spishi zenye undugu) ya Pyricularia, na jina limetokana na tunda la peasi, kwa sababu mbegu za fangasi huyu (spora) ukiziangalia kwenye hadubini zina umbo hilo, chini pana juu zimechongoka, na ndani zimegawanyika vyumba vitatu. Yule wa kwanza aliyepewa jina la Pyricularia grisea alitoka kwenye majani ya Digitaria. Digitaria mnaijua wote, hata sangari anayewasumbua wakulima wa kahawa ni ndugu wa ukoo huo. Kwa hiyo shika hapa: grisea asili yake ni nyasi ya Digitaria, sio mpunga wala ulezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Mwitaliano mwingine, Cavara, akaeleza fangasi wa kwenye mpunga akamwita Pyricularia oryzae. Majina mawili, mimea miwili, na spora zao zinafanana kabisa, ukiwekewa kwenye kioo hutajua ipi ni ipi.

Sasa fangasi wana tabia moja iliyowatesa watu miaka mingi. Anaweza kuishi na kuzaliana bila kujamiiana, anatoa spora tu, hiyo ndo hali tunayoiona shambani. Halafu kuna hali ya pili, ya kujamiiana, ambapo umbo linabadilika kabisa utasema ni kiumbe kingine. Sheria za zamani za majina ziliruhusu kila hali iwe na jina lake. Mwaka 1971 Hebert kule Marekani akafanikiwa kuwakutanisha fangasi waliotoka kwenye Digitaria wakazaa ile hali ya pili maabara, na 1977 hali hiyo ikapelekwa kwenye jenasi ya Magnaporthe, ikaitwa Magnaporthe grisea. Kwa hiyo Pyricularia na Magnaporthe kwenye blasti ni kama jina la nyumbani na jina la shule la mtoto mmoja.

Mwaka 1990 Rossman, Howard na Valent wakaandika kwamba kwa kuwa wa mpunga na wa Digitaria hawatofautiki kwa umbo, na maabara ilishaonyesha wanaweza kupandishwa, basi ni spishi moja, na sheria inasema jina la zamani ndo linashinda, kwa hiyo wote waitwe grisea. Kijitabu cha bibi shamba wako nadhani kimeandikwa kipindi hicho au kilinakili kutoka kipindi hicho. Hakikukosea, kilifuata kilichokuwa kinajulikana.

Kilichogeuza mambo ni vinasaba. Mwaka 2002 Couch na Kohn wakachukua fangasi kutoka mimea tofauti wakasoma jeni tatu, aktini, beta-tubulini na kalmodulini. Kwanini tatu? Kwa sababu jeni moja peke yake inaweza kukudanganya, inaweza kuwa na historia yake, lakini jeni tatu tofauti zikikuchorea mti wa ukoo uleule hapo unaanza kuamini. Zikachora mti uleule. Waliotoka Digitaria wakakaa tawi lao peke yao, na waliotoka mpunga, ulezi na nafaka nyingine wakakaa tawi la pili. Matawi mawili yaliyoachana kweli. Basi wa Digitaria akabaki grisea, na hawa wengine wote wakapewa oryzae.

Umeona ilipotokea? Fangasi wa ulezi wa mama yako hakuwahi kuwa wa mpunga. Amepewa jina la mpunga kwa sababu kwenye lile tawi la pili jina lililokuwepo tayari lilikuwa la Cavara, na yeye alimkuta kwenye mpunga. Jina linafuata kielelezo cha kwanza kilichowekwa, halifuati mmea unaoliwa zaidi. Angekuwa mtu ametangulia kumwandika kutoka kwenye ulezi, leo watu wa mpunga ndo wangekuwa wanauliza swali lako.

Nakuja na sehemu ya pili, naenda kuchukua watoto shule.

---

Wimbi_Busia

Hii maelezo ni tamu sana, asante Hadubini. Mimi niko Busia upande wa Kenya, sisi tunaita wimbi. Babangu amepanda wimbi tangu nikiwa mdogo na hii ugonjwa tunaijua sana, mwaka wa mvua mingi inakula nusu ya shamba. Wazee hapa wanakwambia upande ile ya mbegu nyeusi nyeusi yenye kichwa kimefumbana kama ngumi, hiyo ndio inavumilia, ile nyeupe yenye vidole vimefunguka inashikwa haraka. Siku hizi watu wanachukua zile aina za mbegu zinaitwa P-224 na U-15, hata nyinyi huko Tanzania nasikia mnazo.

Swali langu ni la kwekwe. Kuna ile nyasi inafanana na wimbi mpaka unaeza kosa ukipalilia, hasa ikiwa changa, inamea katikati ya mistari. Nimeona hiyo nyasi ikiwa na madoa kama ya wimbi. Hiyo nayo ni fangasi huyu huyu ama ni mwingine? Manake babangu huiacha kwa kingo akisema ni ya ng'ombe.

---

Hadubini

Nimerudi. Wimbi_Busia swali lako linaingia palepale nilipotaka kwenda.

Ndani ya oryzae kuna koo. Walipoanza kusoma jenomu nzima, yaani vinasaba vyote, badala ya jeni tatu (jenomu ya kwanza ya fangasi huyu ilitoka 2005, na ilikuwa ya kwanza kwa fangasi yeyote anayeshambulia mimea), wakaona hawajachanganyikana hovyo. Wa mpunga wanakaa kundi lao. Wa Setaria, ambayo ni jamii nyingine ya nyasi, wana kundi lao jirani kabisa na la mpunga, na hapo inaonekana fangasi alihamia kwenye mpunga akitokea Setaria, zamani huko Asia watu wakianza kulima. Wa Eleusine, ambao ndo ulezi, wana kundi lao. Wa Eragrostis, nyasi nyingine tena, wana lao, wa ngano wana lao. Kila ukoo una mmea wake unaouzoea.

Kinachowafungia mlango ni hivi. Spora ikitua kwenye jani lenye umande inaota, inatengeneza kitu kama kibonge cheusi kilichogandamana na jani, na ndani ya hicho kibonge mgandamizo unapanda mpaka kama mara 40 ya tairi la gari. Kwa nguvu hiyo anatoboa ngozi ya jani. Akishaingia anamwaga protini zake za kuulaza mmea usingizi. Sasa mmea ukiwa na jeni ya kuitambua hata moja ya hizo protini, unaua seli zake pale alipoingia na fangasi anafia humo. Wa mpunga wengi wana jeni inaitwa PWL2 ambayo Eragrostis curvula wanaitambua mara moja, wakikosa hiyo jeni wanaingia. Jeni moja tu inatosha kuwa tofauti kati ya kuingia na kufungiwa nje.

Kwa hiyo Mwana_Ufipa, mabua ya ulezi kwenda kwa ng'ombe wa kaka bondeni: fangasi wa ukoo wa ulezi kwa kawaida hashiki mpunga. Maabara ukimwagia spora nyingi kwenye mche mchanga unaweza kupata vidoa, shambani hali ni tofauti. Kaka akiona blasti kwenye mpunga wake aitafute kwenye mbegu yake ya mpunga, mabaki ya mpunga, na mbolea ya chumvichumvi aliyozidisha (naitrojeni ikizidi jani linakuwa laini na blasti inalipenda).

Na Wimbi_Busia, hiyo nyasi yako ni Eleusine ya porini, ndugu wa damu wa wimbi. Ulezi wenyewe ulifugwa huku huku nyanda za juu za Afrika Mashariki kutoka kwenye ndugu yake wa porini, kwa hiyo mmea, ndugu yake na fangasi wamekaa pamoja muda mrefu sana. Fangasi wakichukuliwa kwenye Eleusine za porini na kwenye ulezi wa shamba la jirani wanakutwa ni wa ukoo mmoja. Mwambie mzee kwa heshima zote, hiyo ya kwenye kingo aing'oe mapema kabla wimbi halijatoa masuke ampe ng'ombe ikiwa mbichi, asiiache ikae msimu mzima. Mpunga wa kilomita 80 hauna madhara kwa ulezi, lakini hiyo nyasi ya hatua mbili inayo.

Sangari sasa, huyo akiwa na vidoa vya namna hiyo uwezekano mkubwa ni grisea yule wa Saccardo, tawi jingine, muache.

---

Mwana_Ufipa

Kaka Hadubini sijui nikushukuru vipi. Nimemsomea mama kwa simu sehemu ya mabua akanyamaza afu akasema "kwa hiyo sijamuulia ndugu yako mpunga". Kumbe alikuwa na hilo moyoni muda wote na hakuniambia.

Lakini bado nina moja. Kama sasa wameshaamua ni oryzae, kwanini karatasi yangu inasema Pyricularia na makala nyingi mpya kabisa mtandaoni zinasema Magnaporthe? Na hiyo ngano umeitaja ukapita haraka. Huku Ufipa watu wanalima ngano pia, mjomba wangu mmoja analima.

---

Hadubini

La kwanza ni fupi. Mwaka 2011 kwenye kongamano la botania Melbourne walifuta ule utaratibu wa majina mawili, sasa fangasi mmoja jina moja. Ikabidi wachague kati ya Pyricularia na Magnaporthe. Magnaporthe kama jenasi ilianzishwa kwa fangasi mwingine kabisa, anayeozesha shina la mpunga, na vinasaba vikaonyesha huyo hayuko karibu na blasti, siku hizi anaitwa Nakataea oryzae. Jenasi inakwenda na mwenye kielelezo chake, kwa hiyo Magnaporthe imeondoka na yule. Mwaka 2016 kundi la wataalamu likapendekeza rasmi Pyricularia oryzae, na Rossman yule yule aliyeandika 1990 kwamba grisea ndo jina sahihi naye alikuwa mmoja wa walioandika pendekezo hilo. Mimi namheshimu sana kwa hilo, ushahidi umebadilika naye amebadilika. Wanaoendelea kuandika Magnaporthe ni watu wa maabara waliolizoea na makala zao zote ziko kwa jina hilo. Wewe ukitafuta habari tafuta kwa majina yote manne, lakini kabla hujaamini kitu angalia fangasi wa kwenye hiyo makala ametoka mmea gani. Karatasi ya maabara yako ilipaswa iandike "Pyricularia oryzae, kutoka kwenye Eleusine". Hilo neno la mwisho ndo lililokosekana ukakosa usingizi.

La ngano linanifanya nikae vizuri kwenye kiti. Blasti ya ngano ilionekana mara ya kwanza Brazil, jimbo la Paraná, 1985. Kabla ya hapo ngano ilikuwa inamtambua na kumzuia. Watafiti wakaja kueleza 2017 kwamba kulikuwa na aina ya ngano iliyopandwa sana kule, Anahuac, ambayo haikuwa na jeni Rwt3 ya kuitambua protini fulani ya fangasi, basi hiyo ngano ikawa mlango. Akaingia, akakaa, baadaye jeni yake ya hiyo protini ikaharibika, na hapo hata ngano yenye Rwt3 ikawa haimuoni tena. Mwaka 2016 akatokea Bangladesh, hekta kama 15,000 zikaguswa msimu mmoja. Na 2018 akaonekana Zambia, Mpika, mkoa wa Muchinga. Mwana_Ufipa toa ramani uangalie Muchinga iko wapi na Ufipa iko wapi.

Vinasaba vimeonyesha wa Bangladesh na wa Zambia ni ukoo mmoja uleule wa Amerika Kusini, lakini kila mmoja aliletwa kivyake, hakutoka Bangladesh kuja Zambia. Kuna waliotaka huyu wa ngano apewe spishi yake, Pyricularia graminis-tritici, wengine wakapinga kwa hoja kwamba koo hizi bado zinabadilishana vinasaba, na mimi niko upande wa waliopinga. Sababu yangu ni hii hapa: huyo wa ngano aliyefika Zambia, maabara imeonyesha anaweza kujamiiana na fangasi wa ulezi wa Afrika. Ukimpa jina tofauti, mtu anayesoma majina tu atadhani wametengana kama grisea na oryzae, wakati mlango kati yao uko wazi. Na ulezi uko kila mahali ukanda wetu.

---

BibiShamba_Kyela

Hili la mwisho sikulijua kabisa, nimelisoma mara mbili. Mjomba wa Mwana_Ufipa anatakiwa aangalie nini kwenye ngano?

---

Hadubini

Dada, aangalie suke limekuwa jeupe kuanzia katikati kwenda juu wakati sehemu ya chini bado kijani, na pale rangi inapoanzia kubadilika achunguze mhimili wa suke, anaweza kukuta doa jeusi au la kijivu. Mengi ya mashuke hayo yatakuwa na sababu nyingine, ila hayo ndo ya kupeleka kwa afisa ugani siku hiyo hiyo, yakiwa yamefungwa kwenye karatasi sio mfuko wa nailoni. Na mbegu ya ngano kutoka ng'ambo ya mpaka isiyo na cheti asiikubali hata kwa bure.

---

Mwana_Ufipa

Nimempigia mjomba, kasema mbegu yake ni ya dukani ina lebo, masuke yote yako sawa mpaka leo asubuhi.

Na nilifanya kitu kimoja jana usiku. Nilichukua shingo tatu za ulezi zilizoungua nikaziweka kwenye kopo la chakula juu ya karatasi ya chooni niliyolowesha, nikafunika nikaacha usiku kucha. Asubuhi pale kwenye weusi pameota manyoya ya kijivu mafupi mno, kama majivu yamepepewa juu yake, ukipuliza kidogo tu yanapotea. Ndo yeye huyo?

---

Hadubini

Ndo yeye. Usipulize tena, funika. Ukipata mtu mwenye hadubini shule ya sekondari hapo karibu, gusisha kipande cha selotepu kwenye hayo manyoya, bandika kwenye kioo chenye tone la maji, utaona peasi zenye vyumba vitatu. Mwonyeshe na mama. Ukimaliza choma kila kitu kilichokuwa kwenye hilo kopo, na kopo lioshe kwa maji ya moto.

---

Wimbi_Busia

Nimeng'oa nyasi yote ya kingo leo na babangu, gunia tatu. Alikataa kwanza, nikamuonyesha madoa kwa jani la hiyo nyasi na kwa jani la wimbi, nikayaweka pamoja kwa mkono. Akachukua jembe.